Kijitabu cha mashairi cha Mwanza: fumbo lina ufunguo, giza halina

Kwa shilingi 3,000, kijitabu hiki cha watunzi chipukizi wa Mwanza kinatoa kurasa 36 zilizobanwa pini katikati, na mashairi 28. Karibu yote ni tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kwa ubeti, za mizani (silabi) 16 kwa mshororo, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili), na vina vimetulia. Kuhesabu wanajua. Shida ni kwamba nusu ya mashairi haya humalizi ukajua umeambiwa nini, na kosa si la msomaji.

Lililo bora kuliko yote lina kibwagizo hiki:

Mwezi umenifilisi, na mwalo haunijali.

Mwalo ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Msomaji wa Dodoma atajiuliza mwezi unamfilisi mtu vipi. Wa Kirumba, mtaa wa Mwanza kando ya ziwa, hajiulizi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa; mbalamwezi ikitanda ziwani, taa haina nguvu tena, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu kungojea giza. Mtunzi hakumwacha yule wa Dodoma njiani, kwani ubeti wa 3 unasema wazi:

Karabai haivuti, kwa mbalamwezi ya leo.

Karabai ndiyo hiyo taa ya kuvulia, na mshororo huo ndio ufunguo. Na ukisha kuupata, kibwagizo kinazaa maana ya pili: mwezi wa kalenda nao unafilisi, maana kodi ya chumba haingoji giza. Neno moja, mizigo miwili, na yote miwili inabebeka. Fumbo ni hilo.

Sasa linganisha na huu, wa ukurasa wa 11:

Kivuli cha maumivu, chaimba ndani ya jiwe.

Mizani imetimia, lakini maumivu ya nani? Jiwe lipi? Ubeti mzima haujibu, na nne zinazofuata zinaongeza "ukimya", "roho" na "upepo" bila mtu hata mmoja kutokea. Katika mji uliojengwa juu ya miamba, jiwe si neno la kupoteza hivyo. Mtunzi angeweza kusema:

Mama apanda na ndoo, mwambani kule Igogo.

Mizani ni 16 zilezile, na maumivu hayakutajwa kabisa, ila magoti yake unayaona.

Giza jingine linatokana na kubana maneno. Inkisari ni ruhusa ya kishairi, lakini ni lazima ikuokolee kitu: "nikaenda" ina mizani 4, "nikenda" 3, faida ipo. Watunzi kadhaa humu wameandika "n'mekuja" badala ya "nimekuja" wakidhani wamepunguza. Hawakupunguza, kwa sababu n hiyo hutamkwa kama silabi kamili. Mizani inabaki 4 na msomaji amejikwaa bure. Vilevile "mato" na "macho" yamo katika ubeti mmoja, la kwanza likiwa ni macho hayohayo kwa lahaja ya Lamu, limeazimwa kwa ajili ya kina tu. Msomaji wa Pasiansi, mtaa mwingine wa Mwanza, atalidhania kosa la uchapaji. Ukichagua lahaja, kaa nayo shairi zima.

Uwazi nao una mtego wake. Mashairi matatu ya mazingira yanahimiza tusitupe taka ziwani, ubeti baada ya ubeti, kama bango la halmashauri. Hakuna gugumaji lililonasa kasia, hakuna harufu, hakuna kitu cha kushika. Yanaeleweka yote kwa usomaji mmoja, na hakuna sababu ya usomaji wa pili.

Uchapaji ni safi, ingawa karatasi nyepesi inaonyesha wino wa upande wa pili. Kinunue kwa ajili ya shairi la mwezi na mengine sita au saba ya uvuvi na soko. Kurasa 4 za mwisho zimeachwa tupu. Toleo lijalo lizitumie kwa sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, likianza na karabai, mwalo na hayo mato.