Pentax Papilio II baada ya wiki moja Mlima Elgon: darubini ya kumtazama kipepeo usoni

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo sijakaa mezani. Niko nyuma ya nyumba, hapa Migosi, Kisumu, na huu mti ulio nyuma yangu ni mndimu. Ukumbukeni, tutaurudia. Hiki kilicho mkononi ndicho nimekuwa na hamu ya kuwaonyesha tangu tuliporudi likizo ya Mlima Elgon. Darubini ya Pentax Papilio II, ile ya 6.5 kwa 21, yaani inakuza mara 6.5 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 21.

Uzito, rangi, mfuko wake, hayo yote yapo kwenye boksi na mtayasoma wenyewe. Haifiki gramu 300, basi. Mtoto wa miaka saba anaivaa shingoni mchana kutwa na halalamiki. Nataka twende moja kwa moja kwenye kitu kimoja, maana kwa sababu yake video hii itakuwa ndefu kidogo.

Darubini ya kawaida imetengenezwa kwa vitu vya mbali. Ile yangu ya zamani, 10 kwa 42, mmeiona hapa mara nyingi, nimewatazamia heroe nayo Ziwa Nakuru na sina ubaya nayo. Lakini kipepeo akitua hapo mbele, hatua moja tu, hiyo darubini haimwoni. Inakutaka urudi nyuma zaidi ya mita mbili. Ukirudi nyuma, unamwona mdogo. Ukisogea, ni ukungu mtupu. Hii hapa inakubali nusu mita. Nimeleta tepu ya fundi ili tusibishane: hapa kwenye kioo, mpaka kwenye jani lile... sentimita 50. Na naona kila mshipa wa jani.

Sasa, kifungua mimba wangu ndiye ameshika kamera leo. Mwanangu, sogea. Sogea zaidi. Tazameni mbele ya darubini. Kuna kioo bapa kimoja, kimefunika kote. Nyuma ya kioo mnaona duara mbili? Hizo ndizo lenzi. Nazungusha gurudumu la katikati polepole, polepole... mnaziona zinasogeleana? Narudisha. Zinaachana. Tena. Zinasogeleana, zinaachana. Niliirudia hii usiku Kitale, kwenye taa ya sebuleni, mpaka shemeji yangu akauliza kama nimeharibu kitu.

Kwa nini nasisitiza? Inua kidole mbele ya pua yako sasa hivi, hapo ulipo, kisha kisogeze karibu. Macho yako yanageukiana ndani. Darubini nyingine lenzi zake zimekazwa sambamba, haziwezi kufanya hivyo, kwa hiyo hata ukilazimisha kitu cha karibu, jicho la kulia linaona lake na la kushoto linaona lake. Unapata picha mbili zisizokutana na kichwa kinaanza kuuma. Hii inageuza lenzi zake jinsi macho yanavyogeuka. Ndiyo maana picha inabaki moja, tena ina kina, unaona bawa lililo mbele na bawa lililo nyuma yake. Kamera haikupi hicho. Hata kamera ya laki mbili haikupi hicho.

Na fanya hesabu: sentimita 50, gawa kwa 6.5. Unapata karibu sentimita nane. Yaani ni kama umelaza uso sentimita nane kutoka kwa kipepeo, na yeye hana habari.

Haya, mndimu. Njoo huku, mwanangu, usinitie kivuli. Mnaona kwenye jani hili, kitu kama kinyesi cha ndege? Cheusi na cheupe, kama kimelowa? Huyo ni kiwavi. Ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, mnamjua, yumo kila shamba lenye michungwa au ndimu. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus, na hiyo Papilio ni Kilatini cha kipepeo, ndiyo hiyo hiyo waliyoibatiza darubini. Akiwa mdogo anajifananisha na kinyesi ili ndege wampite. Akikua anakuwa kijani. Sasa nikimgusa kidogo na kijiti... hapo! Mmeziona pembe? Pembe mbili laini, rangi ya chungwa, zimetoka nyuma ya kichwa, na harufu yake inanifikia mpaka hapa. Miaka yote nimekaa na huu mti na sikuwahi kuona pembe hizo zikichipuka hivi, kwa ukaribu huu. Nilikuwa nawapulizia dawa. Siwapulizii tena, waacheni wale majani, mndimu una majani mengi.

Kabla sijasahau: video sasa zitakuwa Jumamosi, si Jumanne tena, kwa sababu shule zimefunguliwa na mpiga kamera wangu ana kazi za shule. Na wale walioomba ile video ya taa za sola, inakuja, nimeshairekodi nusu.

Turudi mlimani. Tulitoka Kisumu, tukapita Kakamega na Webuye, tukalala Kitale, asubuhi tukaenda Endebess na kuingia mbugani kwa lango la Chorlim. Sisi hatukupanda kilele cha Koitobos, kile ni mita 4,222 na nina kitinda mimba wa miaka saba. Tulikaa chini, msituni, kwenye ile miti mirefu ya podo na Elgon teki, mbega wakiruka juu.

Siku ya kwanza watoto walifanya walichofanya siku zote, kukimbiza vipepeo kwa kofia. Hawakupata hata mmoja, na mimi sikupata picha hata moja. Siku ya pili mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua likachomoza, na kando ya njia kulikuwa na kidimbwi cha tope. Jamani. Vipepeo kama thelathini, weupe na wa njano, wamekaa kwenye tope wamekunja mabawa, wametulia kama wako mkutanoni. Nikawaambia watoto wakae chini. Wakae tu. Tukapokezana darubini. Na kwa hiyo nusu mita unaona mrija wenyewe, ule wanaoukunja kama waya wa saa, umenyooshwa, unapapasa tope, unanyonya.

Wananyonya nini? Chumvi. Nekta ina sukari, lakini chumvi ni haba, kwa hiyo wanaifuata kwenye tope, kwenye mkojo wa wanyama, hata kwenye jasho la mkono wako. Wengi wa hao ni madume, na jike hupata sehemu ya chumvi hiyo wakati wa kupandana, inasaidia mayai. Sasa sikilizeni kinachonisisimua: mlima huo huo una pango la Kitum, ambako ndovu huingia usiku, kwenye giza, na kuchimba kuta kwa pembe zao. Nao wanatafuta chumvi. Ndovu wa tani kadhaa na kipepeo anayepeperushwa na upepo, shida yao moja, mlima mmoja. Niliwaeleza watoto hapo hapo kando ya kidimbwi na kitinda mimba akaniuliza kama vipepeo nao huingia pangoni. Nikamwambia hapana, wao tope linawatosha.

Sasa picha, maana najua ndicho mlichokuja kutafuta. Unaweza kupigia simu kwenye darubini hii. Kunja zile raba za macho, weka lenzi kuu ya simu katikati ya tundu moja, kuza picha kidogo mpaka ile duara nyeusi ipotee pembeni, shikilia kidole kwenye kioo cha simu ili fokasi ijifunge, kisha piga nyingi mfululizo. Chini ya darubini kuna tundu la skrubu la tripodi, litumie, mkono mtupu unatetemeka. Hii niliyowawekea kwenye skrini nimeipiga hivyo, saa moja na nusu asubuhi, wakati baridi bado imewashika na hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe mabawa. Huo ndio wakati wenu. Saa tano mchana mtapata picha za majani aliyotoka kipepeo. Na kivuli chako kisimpite, hata kidogo, ataruka. Simu iwe sambamba na bawa, la sivyo nusu itakuwa kali na nusu ukungu.

Kilichoniudhi ni kishikio cha simu. Hakikuja na darubini, nilikiagiza kwenye duka moja la mtandaoni. Siku ya tatu skrubu yake ikazunguka bila kukaza, simu ikateleza, nikaidaka ikiwa karibu na jiwe. Nimewaandikia mara tatu, kimya. Nilirudi kushika kwa mkono na tripodi, na ndivyo nilivyopiga picha zote nzuri.

Mwezi jana niliwaambia nitanunua ile ya 8.5 kwa 21. Nimebadili nia. Umbali wa karibu ni huo huo nusu mita, ila uwanja wake, yaani eneo unaloliona kwa mara moja, ni mwembamba zaidi, nyuzi 6 dhidi ya 7.5 za hii, na msituni ina giza zaidi. Kipepeo hatulii. Ukiwa na uwanja mwembamba unatafuta jani lipi alikotua, ukilipata ameshahama.

Kuhusu maji. Mwanzoni, kabla ya safari, nilidhani si neno. Hapana, ni neno. Darubini hii haizuii maji, na Elgon mwezi wa Agosti mvua ni ya kila alasiri. Ilibidi niibebe kwenye kopo la plastiki la kuhifadhia chakula na kuitoa asubuhi tu. Kwa bei hii ningependa izuie maji. Imenitoka zaidi ya elfu ishirini mpaka inafika Kisumu, nauli ndani yake. Ukiwa unataka ndege tu, usinunue, chukua 8 kwa 42 yoyote nzuri, 21 ni lenzi ndogo na jioni utahangaika. Lakini ukiwa na watoto na unaishi karibu na msitu, na sisi huku tuna Kakamega yenye spishi zaidi ya 400 za vipepeo, sioni darubini nyingine ya kuwapa. Nimetafuta.

Mwaka huu Desemba tunaenda Kakamega, Buyangu, na nitabeba ndizi zilizooza. Kuna vipepeo wakubwa, wenye nguvu, ambao maua hawayataki, wanataka matunda yaliyochacha. Nitawarekodia yote kuanzia...

Ngoja. Mwanangu, geuza kamera, geuza polepole. Kwenye mndimu, tawi la juu kushoto. Ni jike. Mnaona anavyokunja tumbo kwenye ncha ya jani? Anataga, yai moja moja, kila moja na jani lake. Nisogee... sentimita 80... 60... nimempata. Yai ni la njano, dogo kama kichwa cha pini. Njoo, weka simu hapa kwenye tundu la kulia. Taratibu.