Mkahawa msafi, samaki aliyetuumiza: uzoefu wangu wa chakula cha mchana mjini Unguja

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi nimekuwa nikila chakula cha mchana katika mkahawa mdogo ulio karibu na Darajani, na lau ningeandika maoni haya miezi miwili iliyopita ningeupa alama zote bila ya kusita. Sakafu yake hupigwa deki kila asubuhi, meza hufutwa kila mteja anapoinuka, mfereji wa kunawia mikono una sabuni siku zote, na wapishi huvaa kofia na glavu. Jina lake silitaji, kwa sababu lililonikuta pale linaweza kumkuta mtu katika mikahawa mingi ya hapa mjini, na pia kwa sababu mwenyewe alinisikiliza kwa adabu nilipokwenda kumlalamikia.

Siku hiyo niliagiza wali wa nazi na jodari wa kukaanga. Mwenzangu ninayefundisha naye skuli moja aliagiza kama mimi, na wa tatu wetu akachukua mchuzi wa pweza. Samaki hakuwa na kasoro kwa macho wala kwa pua, ila ulimi uliniwasha kidogo kama niliyetafuna pilipili manga, nami nikadhani ni viungo vya mpishi. Haikutimia nusu saa uso ukanipanda joto, kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio na shingo ikajaa vipele vyekundu. Mwenzangu alikuwa katika hali hiyo hiyo. Aliyekula pweza ndiye aliyetupeleka kituo cha afya, mzima kabisa.

Nilimwambia daktari kwamba huenda nina mzio wa samaki, jambo ambalo hata mimi sikuliamini, maana nimelelewa kwa samaki. Aliniuliza nilikula samaki gani, na niliposema jodari hakuuliza tena. Alitueleza kwamba jodari, vibua na jamaa zao wana nyama yenye histidini kwa wingi, ambayo ni moja ya vijenzi vya protini. Samaki akiachwa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, ambayo ndiyo ile ile inayotolewa na mwili wa mtu anapopatwa na mzio. Histamini ikishajijenga ndani ya nyama haiondoki kwa kukaangwa, kwa kuchemshwa wala kwa kugandishwa, na samaki mwenyewe anaweza asiwe na harufu yoyote. Tulipewa dawa ya kutuliza mzio, na hadi magharibi tulikuwa tumepata nafuu.

Maneno yale ya moto kutokuondoa sumu yalinirejesha Kisiwa Panza, Pemba, ambako mwezi Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki kwa kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa ni nyengine kabisa na ni kali mno, siilinganishi na maradhi yetu ya nusu siku. Lakini wengi wetu tumekua tukiamini kwamba chakula kikishapigwa moto wa kutosha kimekuwa salama, na imani hiyo ndiyo inayomfanya mtu asiulize samaki alikuwa wapi kabla ya kuingia kikaangoni.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuuliza. Nilimwamkia mwenye mkahawa, ambaye ni mtu mzima wa umri wa baba yangu, na nikamweleza yaliyotupata. Alisikitika, kisha akasema, "Mwalimu, samaki yule nimemnunua mie mwenyewe mnadani, hana harufu hata chembe." Nilimwamini, nikamwomba anisimulie tu safari yake. Alimnunua asubuhi mapema, akamtia kwenye kiroba, akamfunga nyuma ya vespa, akapita sokoni kutafuta nazi na vitunguu, akakutana na watu wawili watatu wa kusalimiana nao, na alipofika jikoni umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo jodari akabaki juu ya meza hadi karibu na adhuhuri. Hapo hatujahesabu saa alizokaa chomboni kabla ya kufika pwani. Hakuna hata hatua moja katika safari hiyo iliyokuwa na barafu, ilhali samaki wa namna hii anatakiwa apoozwe tangu anapotoka majini na abaki kwenye nyuzi 4 au chini yake.

Ukutani pana cheti, na sina shaka kwamba mkahawa umekaguliwa kwa haki. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndiyo yenye kazi hiyo, lakini mkaguzi anayeingia mlangoni huona sakafu, choo, maji na karatasi za wahudumu za kupimwa afya; vespa iliyozunguka mjini na kiroba asubuhi ile hawezi kuiona. Mimi ni mteja wa kila siku, na hata mimi nilichokuwa nikikipima ni mng'aro wa meza.

Baada ya hapo nilianza kutazama mengine. Kijana wa kukaanga hupokea pesa kwa glavu ile ile anayoshikia bajia, na kwa maoni yangu afadhali angekuwa mikono mitupu na anawe, kwani glavu imempa utulivu asiostahiki. Sinia la wali huwa linakaa wazi tangu saa sita hadi alasiri, wakati Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Achari na chatini hufunikwa vizuri. Juisi ya ukwaju ni nzuri sana, na naendelea kuinywa.

Nilirejea wiki tatu baadaye. Mzee alinichukua jikoni bila ya kuombwa, akanifungulia sanduku la barafu alilolinunua, jodari wawili wamezikwa ndani ya barafu iliyopondwa, na pembeni kipimajoto kinaonesha nyuzi 3. Sasa huondoka nalo alfajiri na kununua barafu kabla hajanunua samaki. Wali umehamishiwa kwenye chombo cha kuuweka moto. Glavu bado inapokea pesa.

Kwa ladha naupa mkahawa huu tisa kwa kumi, kwa usafi wa mahali tisa, na kwa namna unavyohifadhi samaki nilikuwa nimeupa mbili, sasa naupa saba mpaka nione mambo yanavyokwenda umeme ukikatika tena. Jodari nimeshamla mara mbili tangu siku ile na sikupatwa na kitu. Mwenzangu anaagiza pweza.