Ukinunua fowili ya dizeli iliyotumika, anza na maji ya rejeta

Mwaka jana nilinunua gari la fowili (linaloendeshwa na magurudumu yote manne) la dizeli Kisumu, pesa taslimu, nikaelekea nyumbani Molo na magunia mawili ya mchele wa Ahero nyuma. Mpaka Kericho lilipanda vizuri, mshale wa joto ukiwa umelala chini kabisa. Tulipokaribia Mau Summit mshale uliruka mara moja hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafumuka chini ya boneti. Fundi alipofungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, alinionyesha ufa mwembamba kama unywele kati ya vali mbili. Matengenezo nililipa kwa kuuza ng'ombe wawili wa maziwa.

Tairi, rangi, kutu na logibuku sitavigusa. Hivyo kila mtu atakukumbusha. Mimi nataka tuzungumzie ule mshale uliolala.

Gari likianza kuchemka kwa sababu ya hedi, wapo wauzaji wasiotengeneza hedi. Hutoa thamostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, maji yazunguke bila kizuizi. Ukizungushwa mjini Nakuru kwa dakika kumi, mshale haupandi nawe unaambiwa injini haijui moto. Injini isiyo na kasoro hupata joto lake, mshale ukasimama karibu na katikati na kutulia hapo. Ukiendesha dakika ishirini na bado uko chini, uliza thamostati iko wapi.

Halafu kuna milima yetu. Kwenye mwinuko wa mita 2,500 maji matupu huchemka karibu digrii 92, si 100. Yanayoyazuia yasichemke mapema ni kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye mpira uliokauka kinaweza kukuangusha mlimani hata kama Kisumu hukuona dalili yoyote.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Nenda asubuhi na mapema, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (kamwe usikifungue injini ikiwa moto) uchungulie. Kulanti ina rangi yake, kama kijani au nyekundu. Ukiona maji ya kutu kama chai ya rangi, gari limekunywa maji ya mfereji miaka mingi. Ukiona mafuta yakielea, ondoka. Kisha rudisha kifuniko, mtu awashe injini, nawe ubane bomba la juu la rejeta kwa vidole. Likikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inapenya kuingia kwenye maji. Hapo hakuna cha kupatana bei.

Sasa magari yenyewe. La kwanza kwangu ni Isuzu D-Max ya lita 3.0, na sifichi kwamba naipenda. Taimingi ya injini yake ya 4JJ1 (mfumo unaofungua vali kwa wakati wake) ni ya mnyororo, si mkanda. Vipuri vyake unavipata Nakuru bila kuagiza mbali, na mafundi wa huku wamekulia kwenye malori ya Isuzu. Lala chini ukague shasi ya nyuma, kwa sababu nyingi zimebebeshwa viazi kupita kiasi.

La pili ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo (turbo), na pampu yake ya dizeli fundi yeyote mzuri anaielewa. Ni gari la kumwachia mtoto. Usipoonyeshwa risiti ya mkanda wa taimingi, uweke kwenye hesabu ya siku ya kwanza.

Prado 120 yenye injini ya 1KD naiweka ya tatu. Pete za shaba (washa) chini ya nozeli za dizeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, yakaziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini ikakosa oili. Ukiwasha, taa ya oili ikichelewa kuzimika, sampu ishushwe ikaguliwe kabla hujalipa. Prado 95 ya 1KZ ni ya nne. Hedi yake ya aluminiamu haivumilii kuchemka, kwa hiyo kubana bomba hapo ni lazima.

Land Rover Discovery 3 ya dizeli sinunui. Injini yake ya lita 2.7 inajulikana kwa kukata kranki, mhimili mkuu wa injini. Pajero na Terrano kuukuu za bei nafuu zipime vilevile, ubaki na akiba ya hedi.

Kinachoniuma ni bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo haya makuukuu yaliyoko nchini yamegeuzwa dhahabu. Jina lililoandikwa nyuma ya gari tu linaongeza laki kadhaa, na dalali ana fungu lake hata kama hajawahi kufungua boneti. Wangu nilimpigia nikiwa kando ya barabara, maji yakichuruzika kwenye lami. Akasema gari lilikuwa zima alipolikabidhi, akakata simu. Thamostati mpya nilinunua Nakuru kwa shilingi 2,500. Fundi alipofungua nyumba ya thamostati kwenye injini, ndani palikuwa patupu, na boliti zilikuwa mpya.