Ooty na Coonoor: achaneni na teksi ya "pointi", pandeni treni

Wadau mnaosoma Bangalore na Mysore, na nyie mliopeleka wagonjwa huko mkabaki na siku mbili tatu za kusubiri majibu, kila mtu atawaambia nendeni Ooty, ule mji wa baridi kwenye milima ya Nilgiri, kusini mwa India, na kweli nendeni, ila ile pakeji ya teksi ya kutwa nzima wanayowauzia hotelini na stendi msiikubali kirahisi.

Mi nimeipanda na mama mdogo. Dereva anakupa kikaratasi kina pointi kibao, yaani sehemu za kutembelea, bustani, ziwa, kilele, kiwanda cha chai, maporomoko ya Pykara, mpaka mahali wanaposhutia filamu, unaona hapa nimepata bonge la dili. Mkianza safari sasa, mara foleni, mara mmesimamishwa duka la chokoleti, mara duka la mafuta ya mkaratusi, na ukitoka mikono mitupu jamaa ananuna kabisa maana kamisheni yake ndo imeyeyuka hivyo. Mama mdogo akanunua kichupa ili yaishe tu, huku analalamika "mwanangu mikaratusi imejaa Lushoto, hiki nanunua cha nini?"

Kilele chenyewe, Doddabetta, ni mita 2,637, ndo juu kabisa kwenye Nilgiri yote, kuna na nyumba ya darubini ukilipa unaangalia mabonde. Siku hiyo ukungu ulikua umefunga, kwahiyo tumelipa hela tukauona ukungu kwa karibu zaidi 😂. Bustani ya mimea ya mwaka 1848 ni nzuri kwelikweli, kuna gogo limegeuka jiwe wanasema lina miaka milioni 20, ila dereva alishaanza kutupigia simu kabla hata hatujalifikia. Ziwa ni la kutengeneza, alilianzisha Mwingereza mmoja, John Sullivan, enzi za ukoloni, siku hizi ni boti na kelele, pita tu.

Kesho yake tukamwambia teksi basi, tukaenda stesheni kupanda treni ya kushuka Coonoor, mji mwingine wa chini kidogo ya Ooty, kama saa moja hivi, na nauli ni ndogo mpaka mama mdogo akauliza mara mbili kama ni ya watu wote wawili. Vibehewa vidogo, vya bluu na krimu, unakaa dirishani hewa ya baridi inakupiga usoni, mashamba ya chai yanashuka mpaka chini, mkiingia handaki abiria wote wanapiga kelele, watu wazima na mvi zao.

Ila utamu uko pale Coonoor. Reli hii ilifika Coonoor 1899, Ooty ikafika 1908, na UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2005. Kuanzia stesheni ya Kallar huko chini mpaka Coonoor mlima ni mkali sana, kwahiyo katikati ya reli wameweka chuma chenye meno, na injini ina gurudumu la meno linalong'ata pale isiteleze. Tulikua jukwaani treni ya kutoka Mettupalayam, mji wa chini reli inakoanzia, ikaingia, mabehewa yametangulia, injini ya mvuke iko nyuma inasukuma, inahema, maji yanachuruzika chini, mafundi wanaizunguka na makopo ya oili wanaigusa hapa na pale, nimesimama pale mpaka mama mdogo akaniacha akaenda kutafuta chai.

Hapo Coonoor chukueni bajaji iwapeleke bustani ya Sim's Park na Lamb's Rock, jabali la kuangalia mabonde, patulivu, hakuna anayekuharakisha. Na sokoni muulizie varkey, ni vibiskuti vya tabaka tabaka, unachovya kwenye chai ya maziwa, vinapukutika ovyo na kanga ya mama mdogo ilikua imejaa makombo.

Mambo ya kuzingatia: sweta lazima, Ooty iko mita 2,240 usiku utajuta. Chupa za maji za plastiki wamepiga marufuku Nilgiri, bebeni chupa zenu. Mkienda na gari binafsi ombeni kibali cha onlaini kabla, kimeanza Mei 2024. Njia ya kutoka Mysore inayopita hifadhi ya Bandipur inafungwa saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi kwa ajili ya wanyama, tokeni Mysore mapema. Na kama mnataka kuipanda treni yote kilomita 46 kuanzia Mettupalayam, tiketi zinaisha haraka mno, kateni wiki kadhaa kabla, ni kama masaa matano kupanda so bebeni na chakula.