King James, NIV na ESV juu ya meza moja

Kwa miaka mingi Biblia yangu ya Kiingereza ilikuwa King James tu, ile ya mwaka 1611. Nilipopewa kazi ya kuandaa masomo ya kikundi chetu nikanunua tafsiri mbili za Kiingereza cha kisasa, NIV ya 2011 na ESV, nikawa nazisoma zote tatu sambamba na ya Kiswahili.

Luka 22:31-32 ndipo nilipoiheshimu upya King James. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi, awapepete kama ngano, lakini mimi nimekuombea wewe. Sisi wa Kiswahili tunaisikia tofauti hiyo papo hapo. King James nayo inayo: "you" ni wengi, "thee" ni mmoja. Kiingereza cha leo hakina tena "thee". NIV imeongeza neno kuonyesha ni wote; ESV imeacha "you" kotekote na kueleza chini ya ukurasa, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki. Hapo ndipo uzito wa mstari ulipo! Wote wanapepetwa, mmoja anaombewa ili awaimarishe wenzake.

Kwenye nyaraka, hata hivyo, King James ilinipotosha. Warumi 1:13 inasema Paulo "was let" asifike Rumi. Nikaelewa kwamba aliruhusiwa, nikafundisha hivyo. Kumbe zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kuzuiwa, kinyume kabisa. Juma lililofuata nilisimama nikasahihisha, na iliniuma.

Wapo wanaolalamika kwamba NIV imenyofoa mistari. Kweli, Matendo 8:37 imeshushwa chini ya ukurasa, kwa kuwa hati za kale kama Sinaiticus, ya karne ya 4, hazina mstari huo. Wafasiri wa 1611 hawakuwa na hati hiyo mikononi. Sioni hila yoyote hapo.

Zaburi nazikariri kwa King James, maana mdundo wake haujapata mpinzani. Anayeanza, au ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, namshauri achukue NIV bila kusita. Sentensi zake zinaeleweka mara moja. Somo naliandaa kwa ESV, inayofuata maneno ya asili kwa karibu zaidi, na juu ya kila "you" yenye utata nimeandika kwa penseli: ninyi, au wewe.