Viwanja vya awamu njia ya Bagamoyo: unanunua nini hasa?

Ukitoka Dar es Salaam na kuvuka Bunju, mabango ya viwanja yanaanza: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia Bagamoyo mjini. Kimepimwa, kianzio asilimia 30, miezi 12, bila riba, hati ipo. Huduma hii ya kuuza kiwanja kwa malipo ya awamu tunaiunga mkono. Mtu wa kipato cha kawaida hana milioni saba za kutoa kwa mkupuo, na benki haimkopeshi fedha ya kununua kipande cha shamba kisicho na hati. Kasoro yake ni moja, na ni kubwa: bango hilohilo linaweza kuwa linauza vitu vitatu au vinne ambavyo thamani yake haikaribiani. Hatutaji kampuni yoyote hapa. Tunapima huduma yenyewe, ili ukikaa mbele ya ofisa mauzo ujue cha kudai.

Tuanze na kimepimwa, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kiwanja kilichopimwa kina mambo matatu nyuma yake: mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, ramani ya upimaji iliyosajiliwa Wizara ya Ardhi, na namba ya kitalu na ya kiwanja. Bikoni unayoonyeshwa, yaani kigingi cha zege kwenye pembe ya kiwanja, ni alama tu ya hayo yaliyoko kwenye makaratasi. Mara nyingi kinachouzwa kiko katikati ya safari: shamba limenunuliwa, greda limechonga barabara, bikoni zimechomekwa, lakini mchoro bado unasubiri idhini. Mchoro ukirudi na masahihisho, barabara inatakiwa kupanuliwa au viwanja kadhaa vinageuzwa eneo la wazi, basi bikoni zinahama. Aliyekwisha kumwaga msingi ndiye anayeumia, na mkataba wake kwa kawaida haukusema lolote kuhusu hilo.

Kipimo ni rahisi. Omba nakala ya ramani iliyosajiliwa, siyo picha ya rangi yenye visanduku vya namba. Nenda nayo shambani, futa mchanga juu ya bikoni, soma namba iliyochorwa kwenye zege na uilinganishe na ya kwenye ramani. Kisha mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa, asiye wa kampuni, athibitishe koordineti, yaani namba za mahali penyewe, za pembe zote nne kwa mashine yake. GPS ya simu haifai kwa kazi hii. Inakosea kwa mita kadhaa, na mita mbili tu zinatosha kukuweka ndani ya ukuta wa jirani.

Ukipelekwa kwa dalali badala ya kampuni, utakutana na kipimo cha hatua za miguu. Husemwa eka ni hatua 70 kwa 70. Eka halisi ni skwea mita 4,047. Mwenye hatua ndefu, ya sentimita 90, anakupimia mita 63 kila upande, yaani skwea mita 3,969; hapo hujapoteza kitu cha maana. Mwenye hatua ya sentimita 75 anakupa mita 52.5 kila upande, sawa na skwea mita 2,756. Karibu theluthi ya eka imeondoka na hakuna aliyekudanganya kwa mdomo. Beba futi kamba ya mita 50, au kataa kununua kwa hatua.

Sasa hati. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, kwa hiyo unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa: miaka 33, 66 au 99. Hati ya Kamishna wa Ardhi inayobeba haki hiyo ndiyo bidhaa ya daraja la kwanza, na ndiyo benki inayoipokea bila maswali mengi kama rehani. Chini yake kuna barua ya toleo, ambayo ni hatua halali kuelekea hati ila si hati. Kuna hatimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Ni halali kabisa, lakini ni ya ardhi ya kijiji. Mwisho kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa. Hiyo inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Shamba likiwa la urithi, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na saini za warithi. Muuzaji akiwa na mwenza, ridhaa ya mwenza iwe imeandikwa. Na ukanda huu wa pwani una jambo lake: minazi, miembe au mikorosho iliyo ndani ya kiwanja inaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Uliza ni ya nani kabla panga halijaingia.

Kampuni nyingine zinasema hati ipo na zinasema kweli, lakini ni hati mama, ya shamba zima kwa jina la kampuni. Viwanja vinatakiwa vigawanywe, kila kimoja kitolewe hati yake. Hapa usikubali neno la mtu: fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Bagamoyo iko Mkoa wa Pwani, na ofisi ya ardhi ya mkoa iko Kibaha. Majibu ya upekuzi yanaonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki, na mizigo iliyo juu ya hati, yaani madeni na madai yaliyosajiliwa. Soma sehemu ya mizigo mara mbili. Ukikuta rehani, maana yake kampuni imekopea benki shamba hilohilo unalolipia kila mwezi. Kampuni ikishindwa kulipa, benki inadai ardhi na wewe unabaki na risiti. Ukikuta zuio, kuna mtu anadai haki yake hapo na mgogoro haujaisha. Rehani si sababu ya kukimbia moja kwa moja, mradi benki itoe barua ya kukubali kuachia kiwanja chako ukimaliza kulipa. Bila barua hiyo, acha.

Bila riba ndilo dai tunalolikataa waziwazi. Chukua mfano wa kiwanja cha skwea mita 500. Bei ya taslimu shilingi 15,000 kwa skwea mita, jumla 7,500,000. Bei ya awamu 18,000, jumla 9,000,000. Unaweka kianzio cha asilimia 30, yaani 2,700,000, na unabaki kulipa 6,300,000 kwa miezi 12, ambayo ni 525,000 kila mwezi. Ulichokopeshwa kwa kweli ni tofauti ya bei ya taslimu na kianzio: 4,800,000. Juu yake umeongeza 1,500,000, huku deni likipungua kila mwezi. Ukikokotoa, hiyo ni karibu asilimia 4 na nusu kwa mwezi, zaidi ya 50 kwa mwaka. Mikopo ya nyumba ya benki zetu kwa miaka ya karibuni imekuwa chini ya asilimia 20 kwa mwaka. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ofisa mauzo ni bei ya taslimu. Akisema bei ni ileile kwa taslimu na awamu, huduma hiyo ni bora kweli, ichangamkie. Tofauti ikiwa kubwa, kuweka akiba SACCOS mwaka mmoja halafu kununua taslimu kunakuachia zaidi ya milioni moja ya kuanzia msingi.

Viwanja vya ufukweni tunavipa alama za chini kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mikoko ni hifadhi ya misitu. Kiwanja chenye kina cha mita 40 kinachogusa maji kinaweza kisiwe na mahali pa kujenga. Ramani ya nyumba ya bure wanayokupa kama zawadi nayo isikusisimue. Kibali cha ujenzi kinaombwa halmashauri kwa michoro ya kiwanja chako, siyo ya mtu yeyote.

Kwenye mkataba, tafuta kifungu cha kuchelewa. Vipo vinavyosema ukikosa malipo ya miezi miwili au mitatu kiwanja kinauzwa tena na sehemu ya fedha yako inabaki kwao. Aliyeweka rehani benki hupewa notisi ya siku 60 ya kurekebisha kabla mali yake haijaguswa. Dai muda huohuo uandikwe kwako, pamoja na kiasi cha kurudishiwa na tarehe yake. Dai pia kifungu cha upande wa pili: ramani ikibadilika au hati isipotoka kwa tarehe fulani, unapewa kiwanja kingine cha ukubwa uleule au fedha yako yote. Kampuni iliyo makini inakubali. Inayokataa imekwisha kujibu swali lako.

Kuhusu kodi, andikeni nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida huangukia mnunuzi, na tangu hati itoke kwa jina lako kodi ya pango la ardhi ni yako kila mwaka.

Awamu ya mwisho usiipeleke kwa simu. Ilipe mbele ya wakili, siku ambayo muuzaji anasaini Fomu Na. 29, 30 na 35 za uhamisho, picha zikiwa zimebandikwa na ripoti ya uthamini ikiwa tayari mezani.