Lugha moja ya taifa, au lugha nyingi zenye hadhi sawa?

Tanzania ilishika njia ya kwanza: tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Afrika Kusini ikashika ya pili, katiba ya 1996 ikataja lugha rasmi 11. Kenya iko katikati: Ibara ya 7 ya katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa, kisha inaitaka serikali ilinde lugha za wananchi.

Lugha moja ni nafuu kuendesha. Kitabu kimoja, mtihani mmoja, na mwalimu wa Malindi anaweza kuhamishiwa popote. Kaunti ya Lamu, Mbajuni wa Faza na Mkikuyu wa Mpeketoni wanauziana kwa Kiswahili bila mkalimani. Tatizo liko darasa la kwanza kule Basuba, kata ya Lamu wanakoishi Waaweer (Waboni). Mtoto wa Kiaweer anajifunza herufi na lugha ngeni kwa pamoja. Akikwama, mwalimu hajui kilichomshinda ni kipi. (Hata mtoto wa Amu, mwenye lahaja yake ya Kiswahili, husahihishwa, maana Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar.)

Lugha nyingi zinamwondolea mzigo huo, ila zinadai tahajia iliyokubaliwa, vitabu na walimu wazizungumzao. Kikikosekana kimoja, sera hubaki kwenye karatasi.

Kwa Lamu, bora Kiswahili kibaki cha ofisini na sokoni, na lugha ya nyumbani ifundishie miaka mitatu ya mwanzo pale darasa zima linapoizungumza. Darasa mchanganyiko litumie Kiswahili tangu mwanzo. Mahakamani, Ibara ya 50 ya katiba ya Kenya tayari inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Zahanati nazo zinahitaji mkalimani.